Rabai: Kanisa Lililokaribishwa Kwanza

Historia fupi ya Parokia ya Mtakatifu Paulo, 1846–2026

Ukitoka Mombasa kwa barabara ya Nairobi, ukifika Mazeras unaiacha barabara kuu na kushika njia ya kulia iendayo Kaloleni. Malori yanabaki nyuma, minazi inaongezeka, na upepo unabadilika kidogo kwa sababu sasa uko juu ya kilima. Hapo ndipo Rabai. Kijiji si kikubwa. Kanisa lake pia si kubwa ukililinganisha na makanisa ya mjini. Lakini Mwanglikana yeyote wa Kenya akitaka kujua kanisa lake lilianzia wapi barani, mbali na bandari, ataelekezwa hapa.

Agosti 2026 inatimiza miaka 180 tangu misheni ifunguliwe Rabai. Vitabu vingi vilivyoandikwa juu ya mahali hapa vinawahusu Wazungu wawili na milima miwili yenye theluji. Tutaitaja milima hiyo, maana nayo ni sehemu ya habari, ila haitatuchukua muda. Kanisa hili linajulikana kwa kupokea watu. Ni kweli limewapokea wengi. Lakini kabla halijampokea mtu yeyote lilipokewa lenyewe, na waliolipokea hawakuwa Wakristo.

1844–1846: Mgeni mwenye homa

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha wamisionari wa Kianglikana cha Uingereza, CMS, alifika pwani hii mwaka 1844 baada ya kufukuzwa Uhabeshi. Mlango wa kwanza kumfungukia ulikuwa wa Kiislamu. Seyyid Said, Sultani wa Unguja, alimwandikia barua ya kumtambulisha kwa wakuu wake wa pwani, na mjini Mombasa Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi, Sheikh Ali bin Muhiddin. Julai mwaka huohuo homa ilimuua mkewe, Rosina, na siku chache baadaye ikamchukua mtoto wao mchanga. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara.

Krapf hakurudi kwao. Aliendelea kujifunza lugha, akawa anapanda mashua kwenda na hori hadi lilipoishia, kisha anapanda vilima kuwatembelea watu ambao mji uliwaita Wanyika, jina la dharau ambalo wenyewe baadaye walilibadilisha kuwa Mijikenda. Juni 1846 akapata mwenzake, Johannes Rebmann, kijana wa miaka 26 kutoka Gerlingen. Wakawaendea wazee wa Rabai kuomba mahali pa kukaa.

Hapa inafaa tutulie kidogo. Wakati huo Warabai waliishi ndani ya kaya, mji uliozungukwa na msitu, wenye malango, fingo za kuulinda na sheria zake. Mgeni hakuingia tu na kujenga. Krapf aliwaeleza wazee kwamba hakuwa mganga wala mfanyabiashara wala askari, bali mwalimu wa dini. Wazee walijadiliana, wakakubali. Krapf mwenyewe aliandika kwamba walitumia mfano wa ndege: ikiwa ndege ana kiota, Mzungu naye hana budi kupata nyumba. Waliona kwamba mtu ambaye haombi watumwa wala pembe, anaomba nyumba tu, hana sababu ya kukataliwa. Hakuna kanisa lolote la Kianglikana katika bara la Kenya lililo na hati ya kuzaliwa ya zamani kuliko uamuzi huo wa baraza la kaya.

Siku ya kuhamia ilikuwa tarehe 25 Agosti 1846. Wote wawili walikuwa na homa, na punda alikuwa mmoja. Walimpanda kwa zamu njiani, lakini kilima cha Rabai ni kikali, na aliyekuwa mgonjwa zaidi ndiye aliyebebwa mpaka juu. Walifika Rabai Mpya, ambayo wenyeji huiita Mudzi Muvya, wakiwa hoi.

1846–1875: Miaka ya kungoja

Nyumba ilijengwa kwa miti na udongo, kisha kibanda cha ibada. Watoto wachache walianza kufundishwa kusoma, na ndiyo maana shule ya Rabai hutajwa katika kila historia ya elimu nchini Kenya. Watu wazima walikuja kusikiliza Jumapili, wakauliza maswali magumu kuhusu pepo, mvua na wafu, wakarudi makwao. Kwa miaka mitano hakubatizwa mtu.

Wa kwanza alibatizwa mwaka 1851. Alikuwa Mringe, mlemavu aliyebatizwa akiwa kitandani anakufa. Kwa hesabu ya dunia huo ni mwanzo mdogo mno, kwa sababu muumini wa kwanza hakuishi hata kuhudhuria ibada ya pili. Lakini kabla ya kufa alikuwa amezungumza na watu, na mmoja wao, Abe Gunja, hakuyasahau maneno hayo. Abe Gunja na mwanawe Nyondo walibatizwa mwanzoni mwa miaka ya 1860. Nyondo akaitwa Isaac, na ukoo huo ukawa mguu mmoja wa kanisa la Rabai katika kizazi kilichofuata.

Milima tuliyoahidi ni hii. Tarehe 11 Mei 1848, Rebmann, akiongozwa na Bwana Kheri, mkuu wa misafara aliyezijua njia za Chaga, aliiona theluji ya Kilimanjaro. Tarehe 3 Desemba 1849, Krapf aliuona Mlima Kenya kutoka Ukambani, kwa chifu Kivoi. Wataalamu wa London waliwacheka, wakidai theluji haiwezi kukaa kwenye mstari wa ikweta. Ramani iliyochorwa na Jakob Erhardt pamoja na Rebmann, iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya bara, nayo ilichekwa, lakini ndiyo iliyowavuta wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke kuja kutazama. Mwaka 1857 Burton alipanda hadi Rabai kumshawishi Rebmann aende naye. Rebmann alikataa.

Jambo lililoacha alama zaidi kwetu tunaosoma Kiswahili lilifanyika kimya juu ya meza ya mbao. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya. Rebmann alibaki. Akakusanya maneno ya Kirabai; akakusanya ya Kiswahili cha Mombasa; na kwa kumsikiliza Salimini, mtumwa kutoka nchi inayoitwa leo Malawi, akakusanya lugha ya Kinyasa bila kufika Nyasa yenyewe. Kamusi kubwa ya Kiswahili ya Krapf ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufa. Kamusi ya Kinyika, iliyojengwa juu ya kazi yao wote wawili, ilitoka 1887. Ukifungua kamusi hizo utakuta maneno ya mapishi, ya uvuvi, ya matusi, ya mahari. Haiwezekani kuyakusanya hayo bila watu wanaokubali kukaa na wewe mchana kutwa wakikusahihisha. Waliokaa ni Warabai, Waswahili na watumwa ambao majina yao, isipokuwa machache, hayapo kwenye majalada.

Mwaka 1857 uvamizi wa Wamaasai ulimlazimisha Rebmann kukimbilia Unguja kwa muda. Alirudi. Mkewe, Emma, alifariki 1866. Macho ya Rebmann yakaanza kufifia. Watu wa CMS walipofika kumwona katika miaka ya 1870 walimkuta mzee karibu kipofu, kati ya karatasi zake, na kundi dogo la Wakristo. Aliondoka mwaka 1875 baada ya miaka 29 bila kurudi nyumbani Ulaya hata mara moja, akifuatana na Isaac Nyondo. Alifariki mwaka uliofuata. Kuna wanaouita muda wake miaka ya kushindwa. Mimi sioni hivyo. Kama Rebmann asingekaa, watu waliokuja baadaye wasingekuta moto jikoni.

1864–1889: Nyumba ya watoro

Hii ndiyo sura ambayo kijitabu chochote cha Rabai kinapaswa kuipa nafasi kubwa.

Mwaka 1864 walifika kutoka India vijana walioitwa Waafrika wa Bombay. Walikuwa watoto waliokamatwa utumwani, wakaokolewa baharini na manowari za Uingereza, wakapelekwa Bombay na kusomeshwa katika shule ya misheni ya Sharanpur karibu na Nasik. Miongoni mwao walikuwa George David, Ishmael Semler na William Henry Jones. Jones alikuwa Myao aliyeuzwa akiwa mtoto. Walijua kusoma, kuhubiri, kufua chuma na kuhesabu fedha, na walikuwa wameishi mambo ambayo hakuna mmisionari Mzungu aliyeyaishi.

Mwaka 1875, baada ya mkataba wa 1873 kufunga soko la watumwa la Unguja, William Salter Price wa CMS alifungua makazi ya Freretown mkabala na kisiwa cha Mombasa kwa ajili ya watumwa waliokombolewa majahazini. Kengele yake ndiyo iliyopapa mahali hapo jina la Kengeleni. Waliokombolewa hao walikuwa huru kisheria. Lakini uhuru una harufu, na harufu hiyo ilifika mashambani. Watumwa wa mashamba ya pwani walianza kutoroka mmoja mmoja, usiku, wakipita porini. Freretown ilikuwa karibu mno na mabwana zao. Rabai ilikuwa juu kilimani, mbali kidogo, na iliongozwa na Jones, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa.

Misheni ilikuwa imeonywa isipokee watoro. Utumwa ulikuwa bado halali katika nchi ya Sultani, na kumficha mtoro ilikuwa sawa na kuficha mali ya mtu. Jones hakuwafungia mlango. Wakajenga vibanda, wakalima mihogo na mahindi, wakaketi kwenye mikeka siku ya Jumapili pamoja na Warabai wachache na wenzao wa Bombay. Kufikia miaka ya kati ya 1880 watoro walikuwa sehemu kubwa ya watu wa Rabai. Hatari ilikuwa ya kweli. Huko Fuladoyo, upande wa Wagiriama, palikuwa na jumuiya kama hiyo, na kiongozi wake, David Koi, aliuawa mwaka 1883.

Mei 1885, Askofu James Hannington, aliyekuwa amefika miezi michache tu kabla, aliwafanya Jones na Semler kuwa mashemasi. Walikuwa Waafrika wa kwanza kuwekwa wakfu katika kanisa la Kianglikana upande huu wa pwani. Miezi miwili baadaye askofu huyo alishika njia ya bara kwenda Uganda, na Jones akaenda naye. Walipofika kwa Sundu, mahali panapojulikana leo kama Mumias, Hannington alimwacha Jones na wapagazi wengi, akaendelea na watu 50 hivi. Aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Karibu wote waliokuwa naye waliuawa pia.

Jones aliwarudisha waliobaki. Ilikuwa mwezi wa Februari 1886 walipokaribia Rabai. Mbele ya msafara ilitangulia bendera ya buluu yenye herufi nyeupe zikisomeka Ikabodi, jina lile la Kitabu cha Kwanza cha Samweli linalomaanisha utukufu umeondoka. Fikiria mtu aliyekuwa ameketi mlangoni akichambua maharage. Kabla ya kusikia neno lolote, aliyejua kusoma alikwishafahamu. Wake za wapagazi walitoka kutafuta nyuso za waume zao mstarini, na wengi hawakuziona. Wengi wa wapagazi hao walikuwa watu wa Rabai na Freretown. Vitabu vya Ulaya vinamkumbuka askofu mmoja. Kilima hiki kilikuwa na wajane wengi.

Na kazi iliendelea. Jengo la mawe linalotumika sasa ni tunda la miaka hiyohiyo ya 1880, wakati kibanda cha zamani hakikutosha tena.

Mambo yalikomaa mwaka 1888. Wenye watumwa walikuwa wamechoka, walitishia kuja kuchukua watu wao kwa nguvu. George Mackenzie, mkuu wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alifika Mombasa akakuta fitina tayari kuwaka. Ukaguzi wa vituo vya misheni ulionyesha watoro 1,421, wengi wao Rabai. Makubaliano yakafikiwa kwamba wenye watumwa walipwe riale 25 kwa kila mtoro, nao watoro wabaki walipo, wakiwa huru. Fedha zilitoka kwa Kampuni na kwa wafadhili wa Uingereza.

Tarehe 1 Januari 1889, watu walikusanyika Rabai, wakaitwa kwa majina, na kila mmoja akapewa cheti chake cha uhuru. Kuitwa kwa jina mbele ya watu, ukasogea, ukapokea karatasi inayosema wewe si mali ya mtu. Wengi hawakuweza kuisoma. Walijua imesema nini.

Lazima pia isemwe kwamba fidia ilikwenda kwa waliomiliki watu. Waliofanyishwa kazi miaka yote hiyo hawakulipwa kitu. Sherehe ilikuwa sherehe, lakini hesabu haikuwa sawa.

Matukio kwa mwaka

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1844 | Krapf afika Mombasa. Rosina na mtoto wao wafariki Julai |
| 1846 | Wazee wa Rabai wakubali. Misheni yafunguliwa tarehe 25 Agosti |
| 1848 | Injili ya Luka katika lugha ya Kinyika yachapwa |
| 1851 | Ubatizo wa kwanza: Mringe |
| 1864 | Waafrika wa Bombay wa kwanza wafika |
| 1875 | Rebmann aondoka. Freretown yafunguliwa |
| 1885 | Jones na Semler wawekwa wakfu kuwa mashemasi. Hannington auawa |
| 1889 | Vyeti vya uhuru vyatolewa Rabai tarehe 1 Januari |
| 1898 | Dayosisi ya Mombasa yaundwa |
| 1907 | Utumwa wakomeshwa kisheria pwani ya Kenya |
| 1970 | Kanisa la Kianglikana la Kenya lawa jimbo lenye askofu mkuu wake |
| 1994 | Jengo la kwanza la kanisa lafunguliwa kuwa Makumbusho ya Krapf |
| 2008 | Misitu ya kaya za Mijikenda, zikiwamo za Rabai, yaingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO |

1890–1963: Kutoka kituo hadi parokia

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita Mazeras, si Rabai. Misafara ikafa. Wamisionari wapya wakapanda garimoshi kwenda Nairobi na magharibi, na kituo mama kikawa kijiji tena. Kwa maoni yangu hilo liliiponya Rabai. Wageni walipopungua, wenyeji walishika usukani.

Njaa ya Magunia, 1898 hadi 1900, iliyopata jina kutokana na magunia ya mchele wa msaada, iliwaleta watu wa bara milangoni mwa misheni kama watoro walivyokuja kabla yao. Wengine walibaki. Watoto wa Warabai, watoto wa Wamisheni, yaani wa watoro na wenzao wa Bombay, na watoto wa waliokimbia njaa walikaa benchi moja darasani, wakaoana, na baada ya vizazi viwili kuuliza nani alitoka wapi kukawa ni utovu wa adabu.

Kanisa lilikuwa na ugomvi wake na wenyeji pia. Rabai ni nchi ya mnazi, na tembo lilikuwa biashara, mahari, na heshima ya matanga. Mhubiri aliyelilaani Jumapili alijua kwamba zaka ya Jumapili hiyo imetoka kwa mgema. Ugomvi huo haujaisha hadi leo, na hautaisha wiki hii.

Uongozi ulipita kwa awamu: wamisionari wasimamizi, kisha makasisi wa Kiafrika chini ya msimamizi Mzungu, kisha kasisi na wazee wa kanisa peke yao. Wahudumu walipata mafunzo katika chuo cha uchungaji cha Freretown, kilichoanzishwa 1903 na kuhamia Limuru mwaka 1930. Makatekista ndio waliobeba mzigo wa kila siku: kufundisha wanaojiandaa kwa ubatizo na kipaimara, kuzika, kusoma sala ya asubuhi pale kasisi alipokuwa mitaa mingine.

1963 hadi leo

Mwaka 1970 Kenya ilipata askofu mkuu wake wa kwanza, Festo Olang', na Rabai ikawa parokia ndani ya Dayosisi ya Mombasa katika jimbo hilo jipya. Ibada ni kwa Kiswahili, na nyimbo nyingine kwa Kirabai. Umoja wa Akina Mama hutembelea wagonjwa na kusimamia mapokezi ya wageni. Umoja wa wanaume husimamia ujenzi na ukarabati. Vijana wana kwaya na malalamiko yao, kama vijana wa parokia yoyote. Elimu iliyoanzia katika kibanda kimoja imeendelea katika shule za eneo hili, na hospitali ya St. Luke's, Kaloleni, iliyo mbele katika barabara hiyohiyo, nayo ilizaliwa na misheni ileile.

Mwaka 1994, miaka 150 tangu Krapf ashuke Mombasa, jengo la kwanza la kanisa liligeuzwa makumbusho. Mgeni leo anaweza kuliona, akaitazama na nyumba ya Rebmann, kisha akaingia kwenye kanisa linalosaliwa. Kaya iko karibu, nayo bado ina wazee wake. Kuna Wakristo wasiopenda kuutaja ujirani huo. Lakini mahali pengine panapodai kuwa mama wa kanisa nchini Kenya hapana hati ya baraza lililotoa kiwanja.

Ombi letu kwa wasomaji ni moja. Vyeti 1,421 vilitolewa au kuandaliwa mwaka 1889. Baadhi huenda vimekunjwa ndani ya Biblia ya bibi, au ndani ya bweta pamoja na risiti za shule. Ikiwa nyumbani kwenu kuna karatasi ya zamani yenye jina la babu aliyekuja Rabai usiku, au kuna mzee anayejua ni wazee gani wa kaya walioketi kwenye baraza la 1846, msikae nayo. Leteni nakala kwa kasisi wa parokia au kwa Makumbusho ya Krapf, au ziandikeni simulizi hizo jinsi wazee wanavyozisema, zikiwa na majina. Makumbusho yako hatua chache kutoka mlango wa kanisa.